Bakuli Juu ya Kaburi

Ukifika Baiyun Guan huingii moja kwa moja. Kwanza unamtafuta kima. Amechongwa kwenye jiwe la tao la lango, mdogo, na amepapaswa na mikono mingi hata amebaki mweusi, laini, anang'aa kama kokwa ya ukwaju. Mbele yetu palikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake, vijana wawili wenye makoti ya ofisini, na mzee aliyejikokota kwa mkongojo. Kila mmoja alimpapasa kima, akajipangusa shavuni au goti linalomuuma, akapita.

"Mpapase na wewe, mjomba," mpwa wangu akaniambia. "Ni afya."

Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, nimelelewa chuoni kwa Qur'ani na ubao, na masanamu nimezoea kuyatazama kwa mbali. Nikamwambia afya yangu imo mikononi mwa Mungu. Akacheka, akampapasa kwa niaba yangu.

Jina la mahali hapo maana yake ni Hekalu la Wingu Jeupe. Ni makao makuu ya dini ya Tao kaskazini mwa China, na chama cha Watao wa nchi nzima kina ofisi zake humo tangu 1957. Ndani kuna ua baada ya ua, na kila ua una ukumbi wake na miungu yake. Watawa hupita na makanzu ya buluu iliyokoza, nywele wamezifunga fundo utosini. Mmoja alikuwa akifagia majani ya mti. Simu ikalia ndani ya mkono wa kanzu, akaegemeza ufagio ukutani, akapokea. Sanduku la sadaka lipo, ila wengi hawatii kitu humo: wanaielekeza simu kwenye kimchoro cha miraba myeusi kilichobandikwa juu yake, sadaka imefika. Kwetu namba ya M-Pesa imebandikwa misikitini na makanisani, kwa hiyo hapo sikuwa na la kushangaa.

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja. Ukumbi wake uko ndani kabisa, ua wa tatu au wa nne, nilipoteza hesabu. Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa tatu wa uhandisi na siku hizi anasoma Kichina kwa wepesi kuliko Kiswahili, alisoma kibao akageuka. "Qiu Chuji? Huyu si yule bingwa wa panga wa kwenye tamthilia?"

Ndiye, na siye. Riwaya za Jin Yong zimemfanya mtawa huyu mpiga panga hodari, mwepesi wa hasira, na televisheni imeirudia hadithi hiyo mara nyingi mno. Mtu mwenyewe alizaliwa Shandong mwaka 1148. Alikuwa mwanafunzi wa Wang Chongyang, mwanzilishi wa tapo la Quanzhen: watawa wasiooa, waliojinyima usingizi na kula kwa kuomba milangoni. Mwalimu alipofariki mwaka 1170, Qiu alimkalia matanga, kisha akajitenga milimani Shaanxi kwa miaka 13, 6 kando ya kijito cha Panxi na 7 katika mlima Longmen. Sifa zikaenea. Mwaka 1188 mfalme wa nasaba ya Jin alimwita mji mkuu akamsikiliza. Nchi ilipopasuka, wafalme watatu wakimgombea kama watu wanaovutana doti ya kanga sokoni, Jin walimwita tena akakataa, Song wa kusini wakamwita akakataa. Wa tatu akamkubali. Huyo alikuwa mbali kuliko wote na mikono yake ina damu kuliko wote: Genghis Khan.

Kwa nini akamkubali huyo? Wafuasi wake husema ni huruma, alitaka kuokoa roho za watu. Mimi, mtu wa pwani, nashuku pia aliusoma upepo.

Katikati ya ukumbi, mbele ya sanamu yake, limewekwa bakuli kubwa lililochongwa kutokana na nundu ya shina la mti, la kuweza kumlaza mtoto ndani. Chini yake, wanasema, ndipo mifupa ya Qiu Chuji ilipo. Wanafunzi wake walimzika hapa mwaka 1228, mwaka mmoja baada ya kufariki. Bakuli lilikuja karne nyingi baadaye, zawadi ya mfalme wa nasaba ya Qing, na husimuliwa kwamba lilikuja na ruhusa: watawa wakipatwa na njaa, walibebe hadi ikulu, ikulu italijaza. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko adabu ilivyoruhusu. Bakuli la kuombea chakula ndilo alama ya mtawa wa Quanzhen, na linafaa kaburi lake. Lakini watawa wa mwanzo walilipeleka kwa mkulima na mfinyanzi. Hili limechongwa kwa ajili ya mlango mmoja tu.

Tulikwenda kula Niujie, mtaa wa Waislamu, si mbali na hapo. Nyama ya kondoo kwenye vijiti, imepakwa bizari ya pilau na pilipili, inanuka Forodhani tupu. Ningefumba macho ningedhani namsikia mwenye mishikaki akiita. Katika msikiti wa Niujie, unaosemekana kuasisiwa mwaka 996, wenye paa la Kichina na mihrabu ya khati za Kiarabu, yapo makaburi ya masheikh wawili wageni waliofariki miaka ya 1280, zama za wajukuu wa Genghis Khan. Nikawasomea Fatiha. Njia ile ile ya magharibi aliyoipita mtawa wetu akienda kwa Khan, wengine waliipita wakija.

Siku ya pili tukapanda treni ya mwendo kasi kwenda Zhangjiakou, kaskazini-magharibi. Nilibeba kitabu cha safari ya Qiu, alichokiandika mwanafunzi wake Li Zhichang aliyekuwa msafarani. Mimi nakisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya Arthur Waley, ya mwaka 1931. Mpwa wangu alikuwa na matini ya Kichina kwenye simu, na tulishindana: mimi nasoma ukurasa, yeye anatafuta mahali penyewe, anakunja uso, anasema Kichina hiki cha kale ni sawa na kupewa utendi wa Kiamu usiku bila taa.

Mjumbe wa Khan, Liu Wen, alimfikia Qiu mwishoni mwa mwaka 1219 akiwa na kibao cha dhahabu chenye kichwa cha chui milia. Wakaondoka mwanzoni mwa mwaka 1220, mzee wa miaka 70 na ushei na wanafunzi 18. Walipofika Beijing, wakati huo Yanjing, ikajulikana kwamba mjumbe anakusanya pia wasichana wa kumpelekea Khan, na angependa msafara uwe mmoja. Qiu akagoma. Mimi ni mtu wa milimani, akasema kwa maana hiyo, sitasafiri na mabanati wa harimu ya mfalme. Mjumbe akabaki na kigugumizi, ikabidi barua itumwe kwa Khan. Qiu naye akaandika yake, akiomba kwa upole asubiri mpaka mfalme mwenyewe arejee mashariki. Majira ya baridi yalipita wakibishana kwa barua. Khan alijibu kwa upole vile vile: njoo. Mzee akaenda.

Kutoka Zhangjiakou tulichukua gari kupanda kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Mongolia. Mahali panaitwa Yehuling, Mlima wa Mbweha. Mwaka 1211 Wamongolia waliliangamiza hapa jeshi kubwa la Jin. Msafara wa Qiu ulipita miaka 10 baadaye, mwanzoni mwa mwaka 1221, na mifupa ilikuwa bado imetapakaa nyasini. Wanafunzi wakaahidi kuwafanyia ibada wafu wale wakirudi salama. Leo ukitazama nyuma unaona milima ya China imepangana buluu juu ya buluu. Mbele ni majani ya kahawia mpaka macho yachoke, na mitambo ya upepo, mirefu, myeupe, inazunguka kama ile ya Loiyangalani. Baridi ilinipenya mpaka kwenye jino. Nilijaribu kumwona mtu wa umri wangu na zaidi, juu ya gari la ng'ombe, akijua kwamba aliyeimwaga mifupa hii ndiye anayekwenda kumwamkia.

Chini ya mlima mama mmoja ana kibanda cha chakula. Mpwa wangu alimwita ayi, ambalo ni neno la mama mdogo, na mara moja tukawa watoto wa nyumba. Alituletea tambi za unga wa oti, zimekunjwa vimirija, zimesimamishwa wima ndani ya kikapu cha mvuke kama sega la nyuki, na mchuzi wa kondoo na uyoga wa kuchovya. Aliketi nasi akatutazama tunavyokula. Mwanawe yuko Beijing, mkwe hataki kurudi kijijini, mjukuu hali tambi za oti, anataka kuku wa kukaanga. Akauliza kama kwetu Afrika kuna upepo kama huu. Nikamweleza kuna kaskazi na kusi, kila mmoja na miezi yake, na majahazi yalikwenda Arabuni kwa mmoja yakarudi kwa mwingine. Mpwa wangu alihangaika kufasiri. Mama akasikiliza, akasema upepo wao haurudi.

Mimi na mpwa wangu tuliishia hapo. Mzee yeye aliendelea zaidi ya mwaka mzima. Mwezi Mei 1221, kwenye mto Kerulen, jua lilipatwa likafunikwa lote mchana kweupe. Alipofika Samarkand akamuuliza mnajimu wa huko, akaambiwa kwao jua lilifunikwa sehemu 6 tu katika 10, naye Qiu akaeleza kwa nini: anayesimama chini ya kivuli chenyewe huona giza, aliye mbali huona kidogo. Hapo nilifunga kitabu kidogo. Mtu anakwenda kukutana na mwuaji mkubwa wa zama zake, na njiani anapima kivuli cha mwezi! Samarkand ilikuwa imetekwa mwaka 1220. Li Zhichang anaandika kwamba imebaki robo ya watu wake. Msafara ukakaa huko majira ya baridi. Waliwapikia wakulima wenye njaa uji kwa nafaka waliyopewa.

Mei 1222, katika milima ya Hindu Kush, Afghanistan ya leo, wakaonana. Khan alimsifu kwa kuwakataa wafalme wengine na kuja kwake, kisha akauliza alilolitaka: umenijia na dawa gani ya kuishi milele? Qiu akajibu kwamba zipo njia za kulinda uhai. Dawa ya kutokufa hakuna.

Ipime hali yenyewe. Yule Liu Wen alikuwa mtu wa dawa na mishale, na kwa maneno ya Yelü Chucai, mshauri wa Khan, ndiye aliyemdanganya bwana wake kwamba mtawa huyu ana umri zaidi ya miaka 300. Khan alikuwa amesubiri miaka mitatu. Kusema "hakuna" mbele ya uso ule kulitaka kifua. Khan akafurahishwa na ukweli huo, akaamuru asimikiwe mahema mawili karibu na lake. Majira ya vuli mzee akamfundisha usiku, mkalimani akifasiri: apunguze kuua, awahurumie watu, na alale peke yake walau mwezi mmoja aone nguvu zitakavyorudi. La mwisho hilo sijui lilipokewaje hemani.

Nimesema "ukweli", lakini Yelü Chucai, aliyekuwa Mbudha na aliyetoa kitabu chake mwaka 1229 akimshambulia Qiu, ana jingine. Anasema Khan alimuuliza mtawa umri wake, naye akajibu hajui. Kama ni hivyo, basi mzee aliikata dawa ya uongo akauacha uongo wa miaka 300 uning'inie, unaomfaa. Wafuasi wake hawaliandiki hilo. Mimi naliamini, na halimpunguzii kitu machoni pangu, linamfanya mtu.

Kwetu mwanachuoni aliyemkabili mtawala hakuwa na bahati ya mahema mawili. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, baba wa Sheikh Al-Amin, alitiwa gerezani Unguja na Sultani Barghash kwa ajili ya mafundisho yake, akatolewa Barghash alipofariki mwaka 1888. Wazee wa Mombasa husimulia gereza lile kwa fahari. Ningependa kujua wangesimulia nini kama Barghash angemfurahia.

Maana Qiu alifurahiwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwaka 1223 Khan alianguka farasini akiwinda nguruwe mwitu, mnyama akasimama asimshambulie. Qiu akamwambia ni onyo la mbinguni, umri umekwenda, apunguze kuwinda. Khan akajibu kwamba Wamongolia hufunzwa upinde na farasi tangu utoto, si rahisi kuacha, lakini atalikumbuka neno hilo. Kwa miezi miwili hakuwinda. Wakati wa kuagana akampa ng'ombe na farasi, na mzee akakataa. Khan akauliza basi atampa nini. Ikatolewa hati yenye muhuri: wanafunzi wa Qiu wasitozwe kodi wala kazi za lazima. Hiyo hakuikataa.

Siku ya mwisho nilirudi Baiyun Guan peke yangu. Mpwa wangu alikuwa na mtihani. Katika ua wa mbele kuna daraja la mawe lisilo na maji chini yake. Linaitwa Wofeng, yaani kiota cha upepo. Husimuliwa kwamba Wabudha walijenga hekalu jirani wakaliita Upepo wa Magharibi, ili upeperushe Wingu Jeupe, nao Watao wakajenga daraja la kuunasa upepo huo. Chini ya daraja imetundikwa sarafu kubwa yenye tundu, na ndani ya tundu kengele. Ukirusha kisarafu chako kikaigonga, mwaka wako ni mwema. Watu walikuwa wakirusha na kukosa na kucheka. Ni mchezo, lakini ugomvi uliouzaa ulikuwa wa kweli.

Hati ya Khan ilifanya kazi ambayo hakuna mahubiri yangeiweza. Vita vilikuwa vinaendelea, kodi zinaua, watu wanatekwa utumwani. Aliyejiandikisha mwanafunzi wa Qiu alinusurika. Historia rasmi ya nasaba ya Yuan inahesabu waliookolewa hivyo kuwa kati ya 20,000 na 30,000. Sina ubishi na hesabu hiyo, na roho moja kwangu ingetosha. Lakini tapo lililoanza na waombaji likawa na majumba, ardhi na mahekalu, mengine yaliyokuwa ya Wabudha, na Qiu akapewa mamlaka juu ya watawa kwa maneno mapana yaliyoweza kusomeka kuwa ni watawa wote. Alifariki mwaka 1227, mwaka ule ule aliokufa Khan, kwa hiyo mavuno hakuyaona. Mwaka 1258 Kublai, mjukuu wa Genghis, alisimamia mdahalo baina ya Wabudha 17 na Watao 17. Watao wakashindwa, wale 17 wakanyolewa vichwa kuwa watawa wa Kibudha, na mahekalu 237 yakaamriwa yarudishwe. Mwaka 1281 Kublai akaamuru vitabu vya Watao vichomwe, akiacha Daodejing peke yake. Babu alitoa hati, mjukuu akaleta kiberiti.

Desturi ya mlango mmoja haikufa. Mwishoni mwa nasaba ya Qing mkuu wa hekalu hili, Gao Rentong, alikuwa na njia yake ya ikulu kupitia towashi Liu Chengyin, mtu wa karibu wa Malkia Cixi. Na mwaka 1946 watawa wa humu humu walimchoma moto mkuu wao, An Shilin, akiwa hai, wakimtuhumu kula mali ya hekalu. Hilo hakuna kibao kinacholieleza.

Nikiwaza zawadi za watawala, nilimfikiria askofu mkuu wa Nairobi. Novemba 2024 jimbo lake liliamuru mchango wa rais kwa kanisa moja la Soweto, Embakasi, urudishwe, na nchi nzima ikajadili kama ni ujasiri au ukosefu wa adabu. Mombasa tulibishana barazani, kahawa ikapoa. Mzee mmoja akauliza: kama kanisa halina paa? Hakujibiwa. Qiu naye angeweza kuuliza hivyo, na paa lake lilikuwa watu walio hai.

Jioni, karibu na kufunga, nilirudi kwenye bakuli. Bibi mmoja alisimama kando yangu, akainama mara tatu, akatupa noti ndani. Hakukuwa na kimchoro cha simu hapo. Kila mwaka, tarehe 19 ya mwezi wa kwanza kwa kalenda yao, ni siku ya kuzaliwa Qiu Chuji, na zamani watu walikesha hapa tangu usiku wa 18 kwa sababu ilisemekana hurudi amejigeuza: labda ombaomba, labda ofisa, labda mwanamke. Hakuna aliyetaka kumfukuza maskini usiku huo.

Mpwa wangu anamaliza masomo mwakani, na wenzake wengi wa Kenya na Tanzania wanasoma huko. Kichina chao kinaishia kwenye saruji, nyaya na reli. Kitabu cha Li Zhichang si kirefu. Nimekisoma kwa Kiingereza, sijakiona kwa Kiswahili. Nawaomba mmoja wao akifasiri moja kwa moja kutoka Kichina, na pale penye utendi wa usiku bila taa, aje Mombasa: wazee wapo, watamshikia taa.